Siku 14 na mlango wa kubisha

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie rufaa, lakini nitaiweka kando kidogo nizungumzie ombi la kusimamisha hukumu isitekelezwe wakati rufaa ikisubiri. Wengi wanaokuja ofisini kwangu wakilia hawajashindwa rufaa. Rufaa yao bado iko masijala, na dalali wa mahakama ameshabandika tangazo la mnada mlangoni.

Huwa wananiambia, "Wakili, si nimekata rufaa?" Umekata, ndiyo. Ila kwa sheria zetu za Tanzania, rufaa peke yake haizuii hukumu kukaziwa, yaani kutekelezwa. Aliyeshinda ana haki ya kuomba akabidhiwe alichopewa, na asipozuiwa na amri ya mahakama, atakabidhiwa. Amri hiyo ni lazima uiombe wewe.

Uiombe wapi? Hapa ndipo watu wanapotea. Chukua hukumu ya Mahakama Kuu. Unatoa kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, na una siku 30 tangu hukumu itolewe. Ukishaliwasilisha, Mahakama Kuu haina tena mamlaka ya kusimamisha ukazaji wa hukumu hiyo. Hilo lilisemwa zamani, katika shauri la Aero Helicopter lililomo kwenye ripoti za mashauri za mwaka 1990. Hata ukiiangukia miguuni ikuhurumie kwa mamlaka yake ya asili, yaani uwezo wa kutenda haki hata pasipo kifungu maalumu, haiwezi. Mlango wako sasa ni Mahakama ya Rufani. Kwa tuzo, yaani amri inayotokana na hukumu, ya Mahakama ya Wilaya katika kesi iliyoanzia hapo ni tofauti: kabla muda wa rufaa haujaisha unaweza kuiomba mahakama ileile iliyokuhukumu, ukishafungua rufaa Mahakama Kuu, ombi linakwenda huko.

Sasa muda. Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani inakupa siku 14. Zinaanza siku ulipokabidhiwa notisi ya kukazia hukumu, au ulipojua kwa njia nyingine kwamba kuna maombi ya kukazia. Hazianzi siku ya hukumu. Ile siku ya kukabidhiwa haihesabiwi: ukipokea tarehe 3, siku ya kwanza ni tarehe 4, ya mwisho ni 17. Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa zote; Jumapili inakuokoa pale tu inapoangukia siku ya mwisho.

Kwa hiyo tafadhali, karatasi ikija, andika tarehe juu yake hapohapo. Msiiweke juu ya friji mkisubiri mjomba arudi safari. Nimeona notisi yenye alama ya kikombe cha chai, na mwenyewe hakumbuki kama alipewa Jumatatu au Alhamisi. Kiapo, yale maelezo ya maandishi unayoyaapia kuunga mkono ombi, kitaandikwaje?

Ombi liambatane na kusudio la rufaa, hukumu, tuzo na hiyo notisi. Kiapo kieleze hasara kubwa utakayoipata: nyumba ipi, nani anaishi humo, kwa nini fedha haitaweza kuirudisha. "Nitaathirika sana" haimtikisi jaji. Na dhamana, yaani uhakika kwamba utalipa ukishindwa rufaa, ni lazima. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wanatakiwa kufika na fedha mkononi. Katika shauri la Mantrac Tanzania la mwaka 2010, Mahakama ilisema ahadi thabiti ya kutoa dhamana inaweza kutosha, mahakama ikipanga muda wa kuitimiza. Ahadi hiyo iandikwe ndani ya kiapo.

Ukibisha mlango usio wako, ombi linaondolewa, na siku 14 zimekwishaliwa. Utaanza upya kwa kuomba kuongezewa muda, ukieleza kila siku uliyochelewa ilikwenda wapi.

Naam, mama pale nyuma? ... Anauliza, dalali akishauza? Kama mnada umefanyika na hukumu imekaziwa yote, mama, hakuna kilichobaki cha kusimamisha. Rufaa yako inaendelea, ila ombi hili limepitwa na wakati. Notisi umeipokea lini? ... Jumanne hii? Basi usisubiri chai. Njoo tukae pale pembeni sasa hivi.