Mahame ya Babu na Ditekta

ZUHURA: Tuna msikilizaji hapa. Ukoo wao ulihamishwa vijijini Dodoma wakati wa Operesheni Vijiji. Sasa kapata ditekta, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, anataka kuyapata mahame ya babu yake, pale walipokaa kabla ya kuhamishwa. Yohana, wewe ndiye Mgogo hapa, aanzie wapi?

YOHANA: Ditekta aiache nyumbani kwanza! Aanze na bibi. Ila asimuulize "tulikaa wapi", maana atajibiwa "kuleee", mkono unaonyesha milimani. Aulize maji walichota wapi, ng'ombe walinyweshwa wapi, jirani wa karibu alikuwa nani.

ZUHURA: Na kama bibi ameshatangulia mbele ya haki?

YOHANA: Kuna daftari za ubatizo kwenye misheni za zamani, huwa zinataja na mahali mtoto alikotoka. Shida ni kwamba jina lile unaweza usilikute kwenye ramani ya leo. Watu walikusanywa miaka ya 70, vitongoji vikafa na majina yake. Kwa hiyo tafuta ramani zilizotangulia. Wajerumani walichora koloni lao kwa kipimo cha 1:300,000. Baadaye zikaja za 1:50,000, hizo ndizo tamu, hata njia za miguu zimo. Lakini angalia mwaka wa toleo!

ZUHURA: Mimi ningefungua picha za satelaiti tu.

YOHANA: Fungua, lakini ujue unatafuta nini. Tembe, nyumba yetu ya asili, likiachwa, paa lake la udongo linaangukia ndani, mvua zinalisawazisha, linabaki tuta. Zizi ndilo halijifichi, samadi ya miaka na miaka inafanya majani yaote tofauti na ya jirani. Halafu minyaa. Ukiona minyaa imejipanga mstari porini, ujue kuna mtu aliipanda.

ZUHURA: Hapo sasa ditekta inatoka.

YOHANA: Hapo sawa. Ila udongo mwekundu una chuma, mashine italia hata pasipo kitu, airekebishe kwanza kulingana na udongo wa pale. Apitishe palipokuwa mlango, jalalani, na chini ya mti wa kivuli walikokaa wazee. Atakutana na majembe yaliyolika, bangili, senti za Mwingereza zenye tundu. Akibahatika, heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, hizo zilianza 1904.

ZUHURA: Na ile dhahabu wanayosema Wajerumani waliifukia?

YOHANA: Dada, usinianzishe! Sarafu za dhahabu zilikuwepo kweli. Zilipigwa Tabora 1916, za rupia 15, zina tembo, na hazikuzidi elfu ishirini. Sasa ya kwako ifukiwe chini ya mbuyu wa babu kwa sababu gani? Watu wanachimba usiku mpaka makaburi ya wenzao. Huo ni uhuni.

ZUHURA: Ruhusa je?

YOHANA: Mahame ya babu leo ni shamba la mtu. Amwone mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji. Na kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kuchimba vitu vya kale kunahitaji leseni, hata kama babu ni wako.

ZUHURA: Akiokota heller, aisafishe?

YOHANA: Asiisugue kabisa, hasa kwa majivu! Apige picha, aandike imetoka upande gani wa zizi na kina gani.

ZUHURA: Haya, swali linalofuata linatoka Kondoa.