Kokotoa mwenyewe: leza na elektroni zinavyozaa eksirei

Karibu mtazamaji. Nipo Dodoma, na video hii naielekeza kwa vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), kwa wanaosoma fizikia pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na kwa yeyote anayependa hesabu yenye maana. Shika karatasi, kalamu na kalkuleta. Mashine yenyewe hatuigusi. Eksirei hudhuru mwili, na nchini kwetu mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu.

Eksirei ya hospitali hutokana na elektroni kugonga bamba la tungsteni. Hii ya leo ni nyingine: elektroni zinakuja kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, na leza inatumwa izikabili uso kwa uso. Fikiria mpira mwepesi umegongwa na treni ya SGR inayoingia Dodoma. Unarudi na nguvu nyingi kuliko uliyokwenda nayo. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, nayo hurudi na nishati zaidi, ila mwendo wake haubadiliki. Kinachobadilika ni urefu wa wimbi, unafupika mno.

Sasa andika. Hatua ya kwanza, gawanya 1,240 kwa urefu wa wimbi la leza katika nanomita (sehemu ya bilioni ya mita). Leza ya nanomita 800 inakupa elektrovolti 1.55, kipimo cha nishati, kwa kila fotoni.

Hatua ya pili, chukua elektroni yenye elektrovolti milioni 50, gawanya kwa 511,000, yaani nishati yake ikiwa imetulia. Unapata karibu 98. Hiyo tunaiita gama.

Hatua ya tatu ndiyo yenye utamu. Zidisha 4 kwa gama, kisha kwa gama tena. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu ukiitazama fotoni ukiwa umepanda elektroni, nishati yake imeshakua mara 2 ya gama. Ikisharudishwa, ukaitazama kutoka maabara, imekua tena kiasi hichohicho. Unapata 38,416. Zidisha kwa 1.55: karibu elektrovolti 60,000. Leza ikija kutoka ubavuni, kwa nyuzi 90, chukua nusu.

Wimbi la eksirei hiyo ni nanomita 0.02 hivi, halifiki hata sehemu ya kumi ya umbali kati ya atomu za chuma. Ndiyo maana linaweza kutuonyesha atomu zilivyojipanga. Na hapo ndipo wanasayansi wanapoutafuta undani wa dunia, ambako mgandamizo unazidi ule wa hewa tunayovuta mara milioni 3. Ili kuiga mgandamizo huo, leza nyingine yenye nguvu hukibana kipande cha chuma kwa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) chache tu, kwa hiyo eksirei lazima imulike upesi kuliko hapo. Mashine ya LCLS kule Stanford, Marekani, iliyoanza mwaka 2009, humulika kwa femtosekunde, yaani sehemu ya milioni ya nanosekunde, ingawa yenyewe huzitikisa elektroni kwa sumaku, si kwa leza.

Zoezi lako: rudia kwa leza ya kijani, nanomita 532. Ukipata karibu 90,000, umepatia.