Muhuri uko kwa nani? Njia ya Syunik na kumbukumbu ya Belbase

Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni ndugu zangu. Nashukuru kuona ukumbi umejaa kwa ajili ya nchi iliyo mbali nasi kiasi hiki, na njia moja inayokatiza kusini mwake. Armenia nzima ina watu kama milioni 3. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Ni nchi ndogo, haina bahari, na kati ya majirani zake wanne, wawili wamefunga mpaka tangu miaka ya 1990: Uturuki magharibi na Azerbaijan mashariki. Imebaki na Georgia kaskazini na Iran kusini.

Sasa tazameni ramani hapo ukutani. Azerbaijan imekatika vipande viwili. Kipande kimoja, Nakhchivan, kiko peke yake, na katikati umekaa mkoa wa Armenia unaoitwa Syunik. Kusini kabisa, kandokando ya Mto Aras penye mji wa Meghri, kukatiza ni kilomita 40 na ushei tu. Enzi za Sovieti treni ilipita pale. Vita vya Karabakh, eneo lililogombaniwa na Armenia na Azerbaijan, vilipowaka ikasimama, na sehemu za reli zikang'olewa. Kwa miaka zaidi ya 30 anayetoka Baku kwenda Nakhchivan kwa gari amelazimika kuzunguka, hasa kupitia Iran.

Novemba 2020, Armenia ikiwa imeshindwa na Azerbaijan katika vita vya siku 44, kifungu cha 9 cha tamko la kusitisha mapigano kiliitaka ihakikishe usalama wa usafiri kati ya Azerbaijan na Nakhchivan, na usimamizi ukapewa walinzi wa mpaka wa Urusi walio chini ya FSB, idara ya usalama ya nchi hiyo. Aprili 2021 Rais Ilham Aliyev wa Azerbaijan akatamka waziwazi kwamba njia itapatikana, Armenia itake isitake. Waziri Mkuu wa Armenia, Nikol Pashinyan, hakuwa amekataa watu kupita. Mwaka 2023 alikuja na mpango wake mwenyewe wa kufungua barabara na reli, akauita Njia Panda ya Amani. Alichokataa ni lori kuvuka ardhi ya Armenia bila afisa wa Armenia kuliuliza chochote.

Jambo hili Dar es Salaam inalijua. Mwaka 1921 Uingereza iliwakabidhi Wabelgiji maeneo katika bandari hii na ile ya Kigoma, kwa kodi ya jina tu na bila kikomo cha muda, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila kutozwa ushuru. Wazee wanalikumbuka jina: Belbase. Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kwamba mamlaka ya Mwingereza hapa yalikuwa ya muda, kwa hiyo hakuwa na uwezo wa kumpangisha mtu ardhi ya Tanganyika milele. Mizigo ya Burundi haikufungiwa njia. Inapita mpaka leo, lakini kwa forodha yetu.

Ndiyo maana mjadala wa nani kafaidi na makubaliano mapya ya njia ya Syunik, Marekani, Uturuki au Urusi, haunitoshi. Nataka kujua muhuri wa forodha uko kwa nani, na kwa miaka mingapi.

Tarehe 8 Agosti 2025, huko Washington, Aliyev na Pashinyan walitia saini tamko mbele ya Donald Trump, na njia ikapewa jina la Trump mwenyewe. Kwa kifupi cha Kiingereza inaitwa TRIPP, yaani Njia ya Trump ya Amani na Ustawi wa Kimataifa. Walinzi wa Urusi hawamo tena kwenye mpango. Januari 2026 ukatangazwa muundo wake: kampuni ya kuiendeleza njia, ambamo Marekani itashika asilimia 74 na Armenia 26, kwa miaka 49 ya mwanzo. Forodha na uhamiaji vinabaki kwa Armenia. Wahudumu wa kampuni watapokea nyaraka dirishani, na afisa wa Armenia aliye nyuma yao ndiye mwenye uamuzi.

Ukiyasoma maandishi hayo, nchi iliyoshindwa vita imejitahidi sana. Septemba 2023 Waarmenia zaidi ya laki moja waliikimbia Karabakh huku walinda amani wa Urusi wakiwa palepale. Siwezi kumlaumu Pashinyan kwa kutafuta mlinzi mwingine. Ila miaka 49 inanitia hofu. Marekani hubadili rais, na kila rais na mambo yake, lakini Iran, jirani wa kusini, haihami. Mpaka wake na Armenia ndio unaoifikisha Georgia na Bahari Nyeusi bila kupitia Uturuki wala Azerbaijan, na haitaki kuwaona Wamarekani Meghri. Ali Akbar Velayati, aliyekuwa mshauri wa Kiongozi Mkuu wa Iran, alitishia Agosti ileile kwamba njia hiyo itakuwa makaburi ya mamluki wa Trump. Na reli ya Armenia yenyewe, tangu 2008, inaendeshwa na kampuni tanzu ya Shirika la Reli la Urusi, kwa hiyo Moscow bado ina mkono.

Mawakala wa forodha mlioko hapa mnajua: anayepokea nyaraka dirishani ndiye anayepanga lori lipi litangulie na lipi lilale mpakani. Nikiletewa mikataba ya utekelezaji, nitaanzia hapo. Afisa wa Armenia akitaka kontena lifunguliwe, kampuni ikataka lipite, dereva anamtii nani? Karibuni kwa maswali.