Mtego Usiomjua Aliyeutega

Mabibi na mabwana, naomba tuanze na pembe.

Bomu la baharini la Wajerumani lilikuwa tufe la chuma lililofungwa kwa waya kwenye nanga, likajificha chini kidogo ya uso wa maji. Juu yake zilitokeza pembe za madini ya risasi, laini kiasi cha kupinda. Ndani ya kila pembe mlikuwa na kichupa cha kioo chenye tindikali. Meli ikigusa tu, pembe inapinda, kichupa kinavunjika, tindikali inaingia kwenye betri iliyokuwa kavu, na umeme unazaliwa papo hapo. Mvuvi akitega dema huweka boya ili alijue. Mtego huu hauna boya.

Ujerumani iliunda manowari mbili mahsusi kwa kazi ya kutega mabomu hayo, Nautilus na Albatross, zilizoshushwa majini mwaka 1906 na 1907. Mwendo wao ulikuwa noti 20 hivi, yaani maili 20 za baharini kwa saa, haukutosha. Tarehe 2 Julai 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Albatross ikitoka kutega mabomu katika Bahari ya Baltiki, Warusi waliikuta, wakaipiga mpaka ikapandishwa ufukweni Gotland, kisiwa cha Sweden.

Lakini inayoniuma zaidi ni Königin Luise. Hii haikuwa manowari. Ilikuwa meli ya kupeleka watu matembezi kisiwani Heligoland! Vita vilipokaribia ikachukuliwa, ikapakwa rangi za meli za abiria za Kiingereza zilizokuwa zikitoka bandari ya Harwich kwenda Uholanzi, ikatumwa kutega karibu na mlango wa mto Thames. Asubuhi ya tarehe 5 Agosti 1914 wavuvi waliiona ikitupa vitu majini, wakatoa habari. Wavuvi, jamani, watu wa nyavu, ndio waliogundua. Manowari ya Uingereza, Amphion, na wenzake wakaifukuza, na mchana huohuo ikazama.

Amphion ikawaopoa manusura. Kesho yake alfajiri, ikirudi Harwich, ikagonga bomu. Nahodha akaamuru watu waihame. Mashine zilikuwa zimesimamishwa, lakini meli ilikuwa bado na mwendo. Ikageuka yenyewe, ikarudi kwenye safu ileile ya mabomu, ikagonga la pili. Waingereza zaidi ya 100 walikufa. Pamoja nao walikufa mabaharia wa Königin Luise waliookolewa jana yake, kwa mabomu ambayo meli yao wenyewe ilikuwa imeyatega.