Kuvuta na Kushusha: Mhadhara kuhusu Kuutuliza Mfumo wa Neva

Waheshimiwa walimu, wazazi, na ndugu zangu mliofika jioni hii,

Nitaanza na kosa nililolifanya mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi, zamu ya usiku, aliletwa kijana aliyekuwa ametoka kupokea taarifa ya msiba. Alikuwa akihema kama aliyekimbizwa, macho yamemtoka, mkono mmoja ameukandamiza kifuani. Daktari alimpima, akaridhika kwamba moyo na mapafu vilikuwa salama, akaniachia mimi. Nikamshika bega nikamwambia maneno ambayo sote huyasema: "Vuta pumzi, kaka, vuta pumzi." Akavuta, akavuta tena kwa nguvu zaidi, na kadiri alivyonitii ndivyo alivyozidi kuharibikiwa: midomo ikamfa ganzi, vidole vikajikunja kuelekea kiganjani, akaamini kabisa kwamba anakata roho. Mama aliyekuwa msimamizi wa zamu akaja, akaketi mbele yake, akamwambia kwa sauti ya chini, "Shusha, mwanangu. Shusha pumzi, usivute nyingine mpaka hiyo iishe." Haukupita muda mrefu vidole vikaanza kufunguka.

Kijana yule hakuwa amepungukiwa na hewa. Kuhema kwake kwa haraka kulikuwa kumetoa hewa ya ukaa nyingi mno mwilini, na kiwango chake kinaposhuka katika damu, mishipa ya damu ya ubongo hubana, kichwa huwa chepesi, na ganzi huingia midomoni na vidoleni. Dalili hizo humtisha mtu, hofu humzidishia kuhema, na kuhema huzidisha dalili. Mimi, kwa nia njema, nilikuwa nikiuchochea moto ule ule niliotaka kuuzima.

Ili tuelewe kwa nini kushusha kulifaa, hatuna budi kuutazama mfumo wa neva, yaani mishipa ya fahamu, unaoendesha moyo, matumbo na mishipa ya damu bila kungoja amri yetu. Una pande mbili. Upande mmoja huamsha: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, chakula husimama tumboni. Hali hii ndiyo mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyoieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa ni mwili kujiandaa kupigana au kukimbia. Si ugonjwa, na bila hiyo hakuna ambaye angeruka kuliepuka gari. Taabu ni pale inapowashwa asubuhi kwa ujumbe wa deni, mchana kwa maneno ya mkubwa wa kazi, usiku kwa ada ya mtoto, isipate hata saa moja ya kuzimwa. Usingizi huharibika, hasira huwa karibu, na akili huchoka kabla ya mwili.

Upande wa pili hutuliza, na njia yake kuu ni neva ya vagasi, inayotoka katika shina la ubongo, ikapita shingoni na kushuka hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura, akaisisimua neva hiyo kwenye moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayamimina kwenye wa pili, ambao haukuguswa neva yoyote. Nao ukapunguza mapigo. Neva, kumbe, hutoa kemikali inayouambia moyo upole, na kwa ugunduzi huo Loewi alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1936 pamoja na Henry Dale. Hata kwetu sisi, moyo uliopandikizwa, ambao neva zake zimekatwa, hupiga kwa kasi hata mwenyewe akiwa amelala. Maana yake ni kwamba utulivu wa moyo ni kazi inayofanywa kila sekunde. Haujitokezei tu kwa sababu hakuna kinachousumbua.

Sasa naomba kila mmoja aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, atafute mapigo. Vuta pumzi kidogo tu kwa pua. Sasa ishushe polepole, kama anayepuliza kijiko cha uji wa mtoto. Wengi wenu, hasa vijana, mtahisi mapigo yakiharakisha mnapovuta na kupungua mnaposhusha. Hiyo ni vagasi ikilegezwa na kukazwa. Moyo hatuwezi kuuamuru moja kwa moja, lakini pumzi tunaweza, na kila pumzi inayoshuka kwa muda mrefu ni nafasi ya upande wa kutuliza.

Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Watafiti nchini Italia walionyesha mwaka 2001 kwamba kusali rozari kwa Kilatini hupunguza pumzi hadi karibu mara 6 kwa dakika, mwendo ambao moyo na shinikizo la damu hupatana vizuri zaidi. Sishangai. Msomaji wa Kurani anayeifikisha aya ndefu kwa pumzi moja, na mama anayembembeleza mtoto kwa kumwimbia, wote wanashusha kwa muda mrefu kuliko wanavyovuta. Na lugha yetu ililiweka jambo hili wazi zamani: kupumzika kumetokana na pumzi.

Nisingependa mtu atoke hapa akidhani nimempa dawa ya kila kitu. Wapo ambao kuifuatilia pumzi huwaongezea hofu, hasa waliopitia mambo mazito. Hao wasiifuatilie pumzi, bali wasikilize sauti zilizo nje au waoshe uso kwa maji baridi. Maumivu ya kifua yapelekwe hospitali kwanza. Na mtu ambaye kwa majuma mawili hana raha na chochote, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji mtu wa kumsikiliza na mtaalamu wa kumtibu. Kumwambia ashushe pumzi tu ni kumtelekeza.

Kwenye meza ile ya mlangoni nimeweka mashine ya presha. Atakayetaka kupimwa akae kwanza dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili sakafuni, bila kuzungumza wala kushika simu. Sitampima mtu aliyefika sasa hivi akihema, kwa sababu namba nitakayoipata itakuwa ya zile ngazi alizopanda.