Sili za ekseli ya nyuma zikivuja, tafuta kwanza kilichoziua

Haya jamani, habari zenu, sogeeni mbele kidogo wote muione hii shafti hapa mezani maana nitaizungumzia sana.

Nimeombwa niongelee kubadilisha sili za ekseli ya nyuma kwenye pikapu zinapovuja oili, yaani zile pete zenye mpira zinazozuia oili isitoke pale inapopita shafti, chuma hiki kirefu kinachozungusha gurudumu. Kutoa sili ya zamani na kupiga mpya, yaani ile kazi yenyewe, ni ndogo. Tatizo ni gari inarudi baada ya muda mfupi inavuja tena palepale, na mwenye gari anasema sili ni feki. Mara nyingine ni feki kweli, lakini mara nyingi sili iliuliwa na kitu kingine na hicho kitu bado kimo ndani, kwaiyo hata uweke sili nzuri kiasi gani nayo itakufa.

Kwanza hakikisha ni oili gani inayovuja. Ukiona unyevu ndani ya tairi ya nyuma, kuna vitu viwili vinavyoweza kuleta hiyo hali, oili ya difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli, au oili ya breki kutoka kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Chukua kidogo kwenye vidole, ya difu ni nzito, inateleza sana na ina ile harufu kali ya kiberiti ambayo ukishaijua huisahau, ya breki ni nyepesi na chupa yake kule mbele inakuwa inapungua. Usifungue ekseli kabla hujajibu hilo swali.

Na msiichukulie hii kama uchafu tu wa kufuta na kitambaa. Oili ikifika kwenye lainingi za breki, zile zinazosugua drami kusimamisha gurudumu, upande mmoja, ukikanyaga breki gari inaweza kuvuta upande au tairi moja inajifunga ghafla, afu tunazungumzia pikapu ambayo watu wanapakia mzigo na watu juu yake. Lainingi iliyokunywa oili haifai tena. Najua wapo wanaoichoma moto au kuiosha na petroli, mi nasema hapana, inaonekana kavu lakini ikipata joto oili inatoka tena, kwaiyo badilisha, na ubadilishe pande zote mbili ili breki zishike sawa.

Sasa wauaji wa sili. Wa kwanza ni kipumulio, kile kikofia kidogo juu ya hausingi ya ekseli, gari nyingine kina mpira mrefu unaopanda juu. Difu ikitembea inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, inatakiwa itokee hapo. Kikiziba kwa tope, presha inatafuta njia na njia rahisi ni kwenye mdomo wa sili, ule ukingo wa mpira unaogusa shafti. Kukisafisha ni dakika chache na watu wengi hawakigusi kabisa! Pili ni oili kujazwa kupita kiasi, kiwango chake kwa difu nyingi ni usawa wa tundu la kujazia, basi. Tatu ni beringi iliyolegea, shika shafti uitikise juu na chini kabla hujafungua, ikicheza ujue sili ilikuwa inapigwa kila gurudumu linapozunguka na hakuna mpira unaovumilia hivyo.

Wa nne ndo huyu hapa kwenye shafti. Angalieni hii sehemu inayong'aa, mdomo wa sili unakaa hapa miaka yote. Pitisha ukucha taratibu kwa urefu wa shafti, ukucha ukikwama kidogo kuna mfereji umechimbika, na sili mpya ikikaa juu ya huo mfereji itavuja tu. Kutu kidogo unaondoa na msasa laini kabisa kwa kuzungusha shafti, usisugue kwa urefu maana unachora njia za oili kutokea. Mfereji ukiwa mwepesi na sehemu ya kukalia sili ina nafasi, unaweza kuipiga sili ndani au nje milimita moja hivi ili mdomo ukae pazima, au uvishe pete nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiwa mzito, shafti ni ya kubadilisha.

Kufungua kwenyewe sitakaa sana. Sehemu tambarare, kabari matairi ya mbele, jeki ya kunyanyulia tu na stendi ndo za kubebea, hendibreki chini ili drami itoke, ikigoma kuna matundu mawili yenye nyuzi kwenye drami nyingi, tia bolti ukaze kwa zamu itajisukuma. Baada ya hapo inategemea ekseli. Kuna zile ambazo shafti imeshikwa na nati nne nyuma ya sahani ya breki, inatoka na beringi yake bila kugusa difu, ila bomba la breki litafunguliwa kwaiyo mwishoni utoe upepo. Nyingine zimeshikwa ndani kwa kipini chenye umbo la C, hizo lazma ufungue mfuniko wa difu, utoe pini ya katikati inayoshika gia ndogo za difu, usukume shafti ndani kidogo kipini kidondoke. Pini ikiwa nje usizungushe shafti, zile gia ndogo zitatoka mahali pake na utapata kazi ya kuzirudisha.

Sili mpya: safisha kikalio mpaka kikauke, upande wenye springi unaangalia oili, paka mdomo oili ya difu, afu ipige na bomba au soketi inayolingana na ukingo wake wa nje, taratibu, ikae sawasawa pande zote. Ikiingia mshazari itoe, usiinyooshe kwa nyundo. Shafti ikirudi ibebe kwa mikono miwili, yale meno ya mwisho wake yakiburuzwa juu ya mdomo wa sili yanaukata, na mkato huo huwezi kuuona ukishafunga.

Kwenye kujaza oili fuata kitabu cha gari, nyingi zinatumia GL-5 (daraja la oili ya gia) ya 80W-90 (uzito wake), na difu yenye klachi ndani, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, inahitaji oili yake au nyongeza yake. Na kama unamwaga oili ya zamani, legeza kwanza nati ya kujazia, ikigoma angalau oili bado imo na gari inatembea. Ukimaliza endesha mpaka difu ipate moto, rudi uchungulie nyuma ya sahani ya breki pande zote mbili kwa tochi, afu chungulia tena baada ya wiki ukiwa umepakia mzigo.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono, na anayetaka kuupima huo mfereji kwa ukucha wake aje hapa mezani.