Saikolojia Ianze na Kichwa cha Daktari

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkapitiliza hapa bila hata kulala, poleni na kazi. Wanafunzi mliojazana kule nyuma, mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa saikolojia ya jumla kwa wanafunzi wa udaktari. Tunavyofundisha sasa wote tunajua. Wakongwe wa nadharia mmoja mmoja: Freud wiki hii, Pavlov na mbwa wake wiki ijayo, Piaget anafuata, kisha mtihani. Wanafunzi wanasaka madesa ya miaka ya nyuma, wanakariri, wanafaulu, na wakifika wodini Pavlov wameshamsahau. Siwalaumu. Anatomia inawakosesha usingizi, na sapu, ule mtihani wa marudio, ya anatomia inauma kuliko sapu yangu.

Lakini kuna jambo tumelianza kinyume. Tunafundisha somo hili kama elimu ya kumwelewa mgonjwa, wakati mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mgonjwa bado hajakutana naye. Kichwa alicho nacho karibu ni chake mwenyewe. Tuanzie hapo.

Chukueni homa. Kanda hii ya Ziwa malaria tunaishi nayo. Mtoto analetwa kutoka Igombe anachemka, na mama hajakaa sawasawa kwenye benchi, daktari ameshaandika malaria moyoni mwake. Kuanzia hapo hatafuti tena ugonjwa, anatafuta ushahidi. Mtoto anapumua haraka? Homa hiyo. Hataki kunyonya? Homa. Mwaka 2004 Hugh Reyburn na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania yetu. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa na hali mbaya na kutibiwa malaria, waliothibitishwa kwa hadubini kuwa na vimelea walikuwa 2,062, asilimia 46.1. Hao wengine, yaani zaidi ya nusu ya wote, walikuwa na kitu kingine, si wote waliopewa antibayotiki, na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wao.

Sasa mwanafunzi akishaiona namba hiyo, ndipo nimletee wanasaikolojia Tversky na Kahneman na makala yao ya 1974: akili ikiwa haina uhakika hushika kile kinachokuja haraka, halafu hukigandia. Hapo hasomi tena habari za Waisraeli wawili, anasoma zamu yake ya kesho. Na msiniambie kipimo cha haraka cha malaria kimemaliza tatizo. Wapo wanaopokea majibu hasi wakasema kipimo ndicho kibovu. Kifaa kimebadilika, kichwa ni kilekile.

Jambo la pili ni kusikiliza. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa kule Marekani. Kwa wastani, mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18, na waliofanikiwa kumaliza maelezo yao ya mwanzo hawakufika robo. Namba hiyo ukiitaja darasani watacheka. Kwa hiyo usiitaje kwanza. Wapange watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja daktari, wa tatu ashike simu ahesabu sekunde. Anayeigiza mgonjwa mpe karatasi ya maneno yake. Sentensi ya kwanza, kichwa kinauma. Ya pili, usingizi hauji. Ya tatu, chakula hakipiti. Ya mwisho, mume wake alishuka ziwani Jumanne na wenzake wamerudi bila yeye. Nawahakikishia, wengi hawafiki Jumanne. "Kichwa kinauma" tu, daktari ameshadaka: tangu lini, upande gani, kinagonga au kinavuta? Maswali mazuri kabisa, yametoka kitabuni. Mama anaondoka na panado. (Kicheko.)

Kumbukumbu nayo. Ebbinghaus wa 1885, aliyepima jinsi tunavyosahau kwa silabi zake zisizo na maana, mpeni dakika tano zake, anastahili. Kisha toeni mezani pakiti ya dawa mseto ya malaria. Dozi sita. Ya kwanza sasa hivi, ya pili baada ya saa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na mtoto awe amekula. Mama amepewa dozi ya kwanza saa nne asubuhi, kwa hiyo ya pili ni saa kumi na mbili jioni. Anaelezwa haya dirishani, mtoto analia mgongoni, foleni inamsukuma. Utajibiwa "nimeelewa, dokta", na hilo jibu ni adabu tu. Roy Kessels alipopitia tafiti mwaka 2003 alieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo ya daktari husahaulika papo hapo. Ndiyo maana mwanafunzi afunzwe kuuliza hivi: "Mama, baba yake akirudi akikuuliza dawa anapewaje, utamwambiaje?" Kisha anyamaze asikie.

Na hata akikumbuka, siku ya pili homa imeshuka, mtoto anacheza, vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini kwa ajili ya mdogo wake. Skinner, mwanasaikolojia wa tabia, angelielewa hilo mara moja: kitendo kinaendelea pale kinapolipa, na kidonge cha siku ya tatu hakionekani kulipa chochote. Kwa kichocho ni vivyo hivyo. Mvuvi anajua maji yana kichocho, prazikwanteli ameshameza, na dawa ile huua minyoo waliomo mwilini tu, haizuii wapya. Kesho anaingia majini tena kwa sababu riziki iko humo. Kumpa elimu ya kichocho kwa mara ya kumi si saikolojia, ni kumchosha.

La mwisho, kumtii mkubwa bila kuuliza, ni gumu kidogo kulisema mbele ya madaktari bingwa. Mwaka 1966 Charles Hofling na wenzake walimfanya mtu asiyefahamika apige simu wodini usiku, ajiite daktari, aagize miligramu 20 za dawa ambayo kopo lake liliandikwa kiwango cha juu 10. Wauguzi 22. Walioanza kutii, mpaka wakazuiwa, ni 21. Wanafunzi wa uuguzi 21 walipoulizwa kwa maneno tu wangefanyaje, wote walisema wangekataa. Mwaka 1977 Rank na Jacobson walitumia dawa inayofahamika na kuwaruhusu wauguzi washauriane, na wengi walikataa. Kwa hiyo tiba ya utii huo ni kuijua dawa unayoagizwa na kuwa na mwenzako wa kumuuliza.

Sisi tumelelewa kwa shikamoo, na siombi tuiache. Ila kwenye raundi ya wodini bingwa yuko mbele, intani, yaani daktari wa mazoezi, katikati, mwanafunzi nyuma kabisa, na mara nyingine huyo wa nyuma ndiye pekee aliyesoma faili usiku. Afundishwe kusema, tena kwa sauti, darasani, akirudia: "Dokta, samahani, naomba tuiangalie dozi tena."

Mtihani wangu mimi ningeuhamishia wodini mwaka wa tatu, kwa mgonjwa mmoja na dakika kumi. Najua walimu ni wachache na wodi zimefurika. Basi tuanze na zile karatasi za watatu watatu, hizo hazihitaji bajeti.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali, tuanzie nyuma. Mabingwa watasubiri leo.